Muhogo Mchungu Aliyekuja Kuwa Waziri Mkuu

Ukikaa Dar es Salaam wiki mbili tu, lazima utajua maana ya kuingizwa mjini. Unauziwa simu kwenye boksi, ukifika geto unafungua unakuta kipande cha sabuni. Unakutana na dada mzuri, anakuita mpenzi siku ya pili, siku ya tano hayupo na nauli yako ya kurudi nyumbani haipo. Mwaka wa kwanza ndio wanaoongoza, hasa wiki ile bumu linapoingia. Wanachuo tunacheka, lakini wengi wetu tumeshaingizwa, tofauti ni nani anasema na nani anakausha.

Kumbe utani huu una zaidi ya miaka sabini. Mwaka 1952, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, ilitoka sinema ya Kiswahili inayoitwa Muhogo Mchungu. Ndiyo jina la mhusika mwenyewe: mtu wa shamba, anakuja Dar es Salaam na pesa zake, mjini wanamuona tangu anashuka, na pesa zinayeyuka. Kijana aliyeigiza Muhogo Mchungu alikuwa karani wa serikali mwenye miaka kama ishirini na sita, mzaliwa wa Ruvuma. Miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hii. Anaitwa Rashidi Mfaume Kawawa.

Sisi kizazi chetu Kawawa tunamjua kama barabara. Konda anataja Kawawa Road, unawaza foleni ya Magomeni. Wachache wanakumbuka Simba wa Vita kutoka kwenye somo la Historia, jina moja katika orodha ya majina. Mimi natoka Kingerikiti, kule juu milimani, ukishuka ndiyo unaliona Ziwa Nyasa, na yeye alizaliwa Matepwende, upande wa pili wa Songea, ambako leo ni Wilaya ya Namtumbo. Ni mbali, ila mkoa mmoja. Shuleni kwetu walimu walitutajia Kawawa kila zilipokaribia sherehe za Uhuru. Hakuna hata siku moja aliyetuambia kwamba mzee yule alikuwa staa wa filamu, na filamu yenyewe ya Kiswahili, kabla hata Kanumba hajazaliwa. Nadhani wangetuambia tungemsikiliza vizuri zaidi.

Kawawa alizaliwa tarehe 27 Mei 1926, mtoto wa kwanza kati ya wanane. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Anayejua ramani ataelewa: kutoka Matepwende kwenda Liwale ni pori la tembo, na kijana alianzia shule huko huko Liwale, akaenda Dar es Salaam, kisha Shule ya Serikali Tabora. Tabora wakati ule haikuwa shule ya mchezo. Ilitoa makarani, watoto wa machifu, na baadaye mawaziri. Akamaliza, nafasi ya kwenda Makerere ilikuwepo, na Makerere ndiyo ilikuwa chuo kikuu pekee cha Afrika Mashariki yote. Hakwenda. Baba alikuwa ameshafariki na wadogo zake walihitaji mtu wa kuwasomesha, kwa hiyo akachagua mshahara.

Hapo naomba tusimame kidogo. Humu chuoni wapo watu ambao nusu ya bumu lao inarudi nyumbani kwa M-Pesa kabla hawajalipia hata chumba. Mzaliwa wa kwanza anajua ninachosema. Kawawa hakuwahi kuwa na digrii ya kusomea, na nchi iliyokuja kuongozwa na mwalimu mwenye shahada ya Edinburgh ilimpata Waziri Mkuu wake wa pili kwa mtu aliyeacha chuo ili wadogo zake wasome.

Alianza kazi Idara ya Ujenzi mwaka 1951, kazi ya ukarani. Baadaye akahamia Idara ya Maendeleo ya Jamii, na huko ndiko hadithi ya sinema inakoanzia. Idara ile ilikuwa na kampeni ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, na chombo chake kikubwa kilikuwa gari la sinema. Gari linaingia kijijini jioni, wanatundika shuka jeupe, jenereta linanguruma, watu wanajaa. Babu yangu aliyekwenda Tanga kukata mkonge aliyaona hayo magari kwenye mashamba. Anasema watu walitembea saa tatu usiku kwenda kuangalia picha ambayo walishaiona mara nne.

Waingereza walikuwa wameligundua hilo mapema. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi pale Vugiri, milima ya Usambara, uliotengeneza sinema thelathini na tano kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani. Zilihusu minyoo, kodi, kahawa, faida ya kuweka akiba Posta. Ukiangalia majina yake unaona kabisa kwamba walitengeneza kwanza jibu, ndipo wakatafuta hadithi. Tunaosoma ualimu tunalijua somo la namna hiyo: mwalimu anauliza swali lakini jibu analo mfukoni, na mwanafunzi kazi yake ni kulibahatisha. Nyuma yake kulikuwa na imani kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ya kawaida, lazima aoneshwe polepole na kitu kimoja kimoja. Huku mijini, watu hao hao waliodhaniwa hawaelewi walikuwa wanajazana sinema kuangalia maigizo ya Kihindi na picha za wapanda farasi wa Marekani, isipokuwa zile ambazo wakaguzi walizipiga marufuku kwa Waafrika peke yao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yakapanda daraja kidogo. Serikali ya Tanganyika iliingia mkataba na kampuni ya filamu ya Johannesburg, wakaja kutengeneza picha za hadithi, kwa Kiswahili, na waigizaji Waafrika. Muhogo Mchungu ndiyo iliyovuma. Kawawa aliigiza pia nyingine, Chalo Amerudi na Meli Inakwenda zikiwa mojawapo. Majina yenyewe yanakupa picha: watu wanaondoka, watu wanarudi. Kwenda mjini na kurudi kijijini ndilo lililokuwa jambo la nchi wakati ule.

Na sababu ipo. Miaka ile Dar es Salaam ilikuwa inafura kwa watu, na serikali ilikuwa na hofu nao. Kijana asiye na kazi mjini aliitwa mhuni, na polisi walikuwa na mamlaka ya kumkamata na kumrudisha kwao. Kwetu Ruvuma ndiyo ilikuwa moja ya ghala za vibarua. Wangoni, Wamatengo, Wanyasa, walichukuliwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU, wakapelekwa mkonge Tanga na Morogoro kama manamba. Mtu aliitwa kwa namba, ndiyo maana ya neno lenyewe. Waliomaliza mkataba wengine hawakurudi, wakateremkia Dar. Sasa serikali ilitaka watu watoke vijijini wakafanye kazi shambani kwa mzungu, ila haikutaka wafike mjini. Muhogo Mchungu ilitengenezwa katikati ya hiyo tamaa mbili.

Ujumbe wake haukuwa na fumbo. Mjini kuna matapeli, mjini kuna wanawake wabaya, wewe mshamba huwezi. Kosa liko kwako. Sinema haiulizi kwa nini mtu aliondoka kwao, wala kwa nini pesa ya mavuno ya mwaka mzima inaweza kuisha kwa siku chache, wala mshahara wa kuli bandarini ni kiasi gani. Lakini watu waliipenda, na naamini waliipenda kwa sababu ya Kawawa. Walioizungumzia wanakumbuka kichekesho, hawakumbuki onyo. Hilo ndilo tatizo la kufundisha kwa hadithi, mwanafunzi anaweza kuondoka na sehemu ambayo hukuipanga. Watu wa mjini walimcheka mshamba, watu wa shamba waliliona jiji kwa mara ya kwanza bila kulipa nauli. Sidhani kama kuna aliyeghairi safari kwa sababu ya ile picha.

Nitachomeka jambo hapa. Mwaka jana kwenye kozi moja tulioneshwa filamu ya Kiingereza ya mwaka 1969 inayoitwa Kes, ya Ken Loach, kuhusu mtoto wa mji wa wachimba makaa, Barnsley, ambaye shule imemkatia tamaa na nyumbani hakuna anayemsikiliza, anafuga kipanga. Mtunzi wa kitabu chake, Barry Hines, alikuwa mwalimu, na hata yule mwalimu wa michezo mkorofi kwenye filamu aliigizwa na mtu aliyewahi kufundisha kweli. Nikawa namwaza Kawawa. Waingereza wenyewe wakitaka kumuonesha mtoto wa kwao maskini, wanaweka kamera upande wake, na lawama inaenda kwa shule, kwa mgodi, kwa wakubwa. Walipokuja kwetu waliiweka kamera upande wa Bwana Shauri. Najua zimepishana miaka kumi na saba, na moja ni ya msanii huru, nyingine ya serikali. Bado nadhani tofauti inasema kitu.

Sasa turudi kwa karani wetu. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo kufanya kazi ya ustawi wa jamii kwenye kambi ya Wakikuyu waliokuwa wamezuiliwa kwa sababu ya Mau Mau. Mtu aliyekuwa anaigiza mshamba wa kuchekesha akajikuta anaishi na watu waliofungiwa kwa sababu ya ardhi yao. Alipotoka huko hakurudi kwenye uigizaji, alirudi kwenye chama cha wafanyakazi Waafrika wa serikali, TAGSA, akawa rais wake. Serikali ilikuwa imekataza watumishi wake kujiunga na siasa, kwa hiyo TANU ilipoanzishwa Julai 1954, makarani na wauguzi na walimu wa serikali walitakiwa kukaa pembeni. Chama cha wafanyakazi ndicho kilikuwa mlango uliobaki wazi.

Mwaka 1955 Tom Mboya alikuja kutoka Nairobi na kuwashauri wenye vyama vidogo vidogo waungane. Oktoba mwaka huo likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL, na Kawawa akawa Katibu Mkuu. Mwaka uliofuata akaacha kazi ya serikali kabisa. Fikiria: mtu aliyekataa Makerere kwa sababu ya mshahara, sasa anauacha mshahara. Wadogo zake bado walikuwepo.

Hapa ndipo mimi naona maisha ya Kawawa yanapendeza kuliko popote. Wale watu aliowaigiza, makuli, maboi wa majumbani, wahudumu wa hoteli, madereva, manamba, alianza kuwaandikisha kadi. Sinema ilimwambia kuli kwamba shida yake ni ushamba. TFL ilimwambia shida yake ni mshahara, na mshahara unaongezwa mkisimama pamoja. Ilikuja migomo. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma, TANU na vyama wakawaambia watu wasinywe bia, na watu wakaacha, jambo ambalo kwa kweli silioni likiwezekana leo hata hapa kantini. Nyerere alikuwa na wakulima na hotuba, Kawawa alikuwa na watu wanaoweza kuzima mji kesho asubuhi. Gavana aliwaelewa wote wawili. Mwaka 1957 Kawawa aliingia Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1960 akawa waziri, na tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, akamkabidhi yeye. Alikuwa na miaka 35.

Sasa inakuja sehemu ambayo kwenye vitabu vya shule haipo, na kama gazeti la serikali ya wanafunzi tusipoiandika sisi sijui ataandika nani.

Mwaka huo huo wa 1962, serikali ya Kawawa ilipitisha sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi ambayo ilifanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Vyama vilevile alivyovijenga. Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli alipewa ubalozi London, baadaye akajiuzulu na kuanzisha chama cha upinzani. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi ilipita mwaka huo pia. Mwanzoni mwa 1963, Kawawa akiwa Makamu wa Rais, Victor Mkello, rais wa TFL, alipelekwa Sumbawanga akakae huko. Januari 1964 wanajeshi wakaasi, Nyerere na Kawawa wakavuka kwenda kujificha upande wa Kigamboni, na baada ya maasi kuzimwa viongozi wengi wa vyama wakakamatwa. TFL ikafutwa. Mahali pake kikawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Yaani mwajiri na mtetezi wa mwajiriwa ni mtu mmoja.

Wapo watakaosema nchi ilikuwa changa, ina wahandisi wawili watatu, hazina tupu, na kila mgomo ulikuwa wa watu wachache wenye mshahara dhidi ya wakulima mamilioni wasio nao. Hoja hiyo siidharau. Babu yangu alikuwa mkulima wa kahawa miaka hiyo, na hakuna aliyegoma kwa niaba yake. Lakini siwezi kuiacha hivihivi, kwa sababu yule aliyekuwa anajua kuliko wote nini kinatokea mfanyakazi asipokuwa na chama chake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kusaini.

Aliendelea kuwa Makamu wa Pili wa Rais kuanzia Muungano wa 1964, na kutoka 1972 mpaka 1977 akawa Waziri Mkuu tena. Mwaka 1966, wenzetu wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya JKT na karibu 400 wakafukuzwa, alikuwa ndani ya serikali iliyowafukuza. Mwaka 1967 ni yeye aliyetangaza shughuli za serikali zifanyike kwa Kiswahili, na hilo nampa maua yake bila masharti. Mtu aliyeanza kwa kuongea Kiswahili kwenye skrini alikipeleka ofisini.

Ila ni miaka ya sabini inayonifanya nimrudie Muhogo Mchungu. Operesheni Vijiji, watu wanahamishwa, wengine kwa hiari na wengine kwa moto kwenye nyumba zao. Operesheni Maduka ya 1976, maduka ya watu binafsi yafungwe, ya ushirika yafunguliwe, na bidhaa zikapotea. Mwaka huo huo, mjini, ikaja operesheni ya kila mtu afanye kazi: wasio na ajira Dar es Salaam wakakusanywa na kupelekwa vijijini wakalime. Ni lile somo la 1952, neno kwa neno karibu. Wewe mtu wa shamba, mjini si kwako, rudi. Tofauti ni kwamba mara hii haikuoneshwa kwenye shuka jeupe, ililetwa na lori. Na wengi walirudi tena mjini, kama walivyokuwa wakirudi enzi za Mwingereza.

Sisemi Kawawa alikuwa mnafiki. Kila anayemuelezea anamuelezea mtu wa kawaida sana, hana makuu, hakujilimbikizia, aliyefanya kazi ngumu ambazo wengine hawakutaka majina yao yaandikwe juu yake. Nyerere akisema neno, Kawawa ndiye alikuwa anakwenda kulitekeleza, na lawama zilibaki kwake. Inawezekana pia aliamini kweli, tangu mwanzo, kwamba kijijini ndiko uhai uliko. Mtoto wa mwindaji wa Matepwende ana haki ya kuamini hivyo. Ninachouliza ni kama mwigizaji aliwahi kutoka kabisa kwenye ile nafasi aliyopewa na Wazungu akiwa na miaka ishirini na sita.

Baadaye alikuwa Waziri wa Ulinzi wakati wa vita vya Kagera, kisha miaka ya themanini Katibu Mkuu wa CCM. Mkewe, Sofia, aliongoza UWT kwa muda mrefu na alifariki 1994. Uzeeni hakuwa na kelele. Kila mara alionekana kwenye sherehe za kitaifa, mzee mfupi, mchangamfu.

Kingerikiti siku hizi hakuna gari la sinema. Kuna banda la video, jenereta, benchi za mbao, na filamu za Bongo ambazo asilimia kubwa, ukiziangalia vizuri, bado zinaanza na kijana kutoka kijijini anayeshuka stendi na begi. Watoto wanacheka pale pale walipocheka babu zao. Na asubuhi yake unasikia kijana mwingine ameaga, kapanda basi la Songea.

Kawawa alifariki Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009. Hakurudishwa Matepwende. Amezikwa Madale, Dar es Salaam.